Gari na Mwenyewe: Saluni ya Nyumbani Siku ya Kwanza Kiwanjani

Juma lililopita zilinifikia barua mbili katika bahasha moja, zote kutoka nyumba moja ya kambini. Ya kwanza imeandikwa na bwana, ambaye ni sajini. Ananiomba nimpangie orodha ya vitu vya kununua, kwa kuwa amealikwa na wapenda magari wenzake kulipeleka gari lake, Subaru Impreza WRX ya milango minne, kwenye siku ya kuendesha katika kiwanja cha mbio. Ya pili imeandikwa na mkewe, nayo ni fupi mno: gari ni moja, watoto ni watatu, na Jumatatu asubuhi hapana budi wafike shuleni, je, gari litarudi likiwa zima? Nazijibu zote mbili mahali pamoja, maana naona kwamba swali la mama ndilo litakalompa bwana majibu yaliyo bora.

Kwanza nielezee jambo lenyewe kwa wasomaji ambao hawajapata kulisikia. Siku ya kiwanja si mashindano. Hakuna kikombe, wala hapatangazwi nani amekuwa wa kwanza, na mahali penye utaratibu mwema ni mwiko kumpita mwenzio ndani ya kona. Mwenye gari hulipa ada, huhudhuria mkutano wa asubuhi, kisha huingia njiani kwa zamu ya dakika kumi na tano au ishirini, hutoka, hupumzika, na huingia tena. Magari mengi yaletwayo ni yaleyale ya kwendea kazini. Uingereza ndiko desturi hii ilikoota mizizi sana, na sababu yake itawapendeza wanajeshi. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, nchi ile ilibaki na viwanja vingi vya ndege za kivita visivyo na kazi. Silverstone, kilichofunguliwa mwaka 1943 kwa ndege za mabomu, kilianza kutumiwa kwa mbio kubwa za magari mwaka 1948. Goodwood, kilichofunguliwa mwaka huohuo wa 1948, ni njia iliyozunguka kiwanja cha ndege cha Westhampnett. Thruxton, Castle Combe na Snetterton asili yao ni hiyohiyo. Ujerumani wanayo Nürburgring ya mwaka 1927, ambayo njia yake ya kaskazini ina urefu wa karibu kilometa 21, na raia wa kawaida huingia humo na gari lake kwa kulipa. Katika bara letu kinachojulikana zaidi ni Kyalami cha Afrika ya Kusini, kilichofunguliwa mwaka 1961.

Ama kuhusu gari lenyewe, halina haja ya kutambulishwa katika Afrika Mashariki. Impreza ya Colin McRae ilishinda Safari Rally mwaka 1997, na ya Richard Burns mwaka 2000. Hata hivyo gari lililoshinda Safari na hili la Sajini yetu ni ndugu wa jina tu. Lile lilikuwa na kikosi kizima cha mafundi wa kulivua na kulivika kila jioni. Hili lina fundi mmoja wa mtaani, na bibi mwenye nyumba anayelihitaji Jumatatu.

Basi, Bwana Sajini, orodha yako ni fupi kuliko ulivyotumaini. Nunua pedi za breki, mafuta mapya ya breki, oili mpya ya injini, kipimo cha upepo wa matairi, na kofia ngumu ikiwa waandaaji hawana ya kukuazima. Bawa la nyuma liache dukani. Bomba kubwa la moshi liache pia. Viwanja vingi vya Uingereza hupima kelele asubuhi, na gari lipigalo kelele kupita kiasi hurudishwa lilikotoka. Na yule kijana anayetembeza kompyuta akiahidi kuiongezea injini nguvu kwa nusu saa, mpe chai aende zake. Nguvu ulizo nazo zinakutosha, na kwa siku ya kwanza zimezidi.

Breki ndilo jambo kubwa, na hapa nitakaa kidogo. Gari la uzito wa kilo 1,400 likienda kilometa 160 kwa saa, kisha likapunguzwa hadi kilometa 60 kabla ya kona, mwendo ule wote uliopotea umegeuka kuwa joto ndani ya breki. Joto hilo lingetosha kuchemsha sufuria ya maji ya lita tatu na nusu, kutoka ubaridi wa mtungini hadi kutokota. Hiyo ni kona moja. Barabarani ungefanya hivyo labda mara moja kwa mwaka, ng'ombe akikatiza njia. Kiwanjani utafanya mara nne au tano katika kila mzunguko, mzunguko baada ya mzunguko, na sahani za breki hazipati nafasi ya kupoa. Kumbuka pia kwamba joto hilo halipandi sawasawa na mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, joto huwa mara nne.

Joto likizidi, mambo mawili hutokea, na ni vema dereva ayatofautishe. La kwanza ni kuungua kwa pedi. Zile gundi zinazoishikilia pedi hutoa gesi, gesi hukaa baina ya pedi na sahani, na gari halisimami ijapokuwa pedali ni ngumu chini ya mguu kama kawaida. Dalili yake ni harufu kali, na dawa yake ni kupunguza mwendo na kuziacha zipoe. La pili ni baya zaidi. Mafuta ya breki yenyewe huchemka, mapovu ya mvuke hutokea ndani ya mabomba, na kwa kuwa mvuke hushindilika, pedali huzama hadi sakafuni bila kufanya kazi yoyote. Huku hakutoi taarifa. Kona iliyopita pedali ilikuwa nzima. Kona hii haipo.

Kinachoyafanya mafuta ya breki yachemke mapema ni maji. Mafuta ya namna ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, polepole, mwaka hadi mwaka, hata chombo chake kikiwa kimefungwa vizuri; na sisi tukaao kandokando ya maziwa makuu hatuna upungufu wa unyevu. Kwa kipimo cha chini kinachotakiwa, DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji huchemka kwenye 140. DOT 4 mpya ni 230, na iliyonyonya ni 155. Mtazame basi mtu mwenye mafuta ya miaka mitano aliyoyakuta ndani ya gari aliponunua: tofauti baina yake na mwenye mafuta mapya ni zaidi ya nyuzi 70, na tofauti hiyo ndiyo ukuta wa kiwanja. Nunua DOT 4 iliyo bora, katika kopo lililofungwa kiwandani. Kopo lililokuwa wazi kwenye rafu ya gereji tangu mwaka jana lisitumike hata kwa bure. Wala usiguse ile iitwayo DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi nyingine.

Kazi ya kubadilisha huweza kufanyika nyumbani na watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani akikanyaga na kushikilia pedali, mwingine hulala kando ya gurudumu na spana, mpira mwembamba na chupa ya kuonea, akifungua na kufunga. Wasemezane kwa sauti: "Kanyaga!" "Nimeshika!" "Achia!" Asiachie mtu pedali kabla nati haijafungwa, ama sivyo hewa huingia na kazi huanza upya. Mpangilio wa magurudumu, lipi kwanza na lipi mwisho, ufuate kitabu cha gari. Chombo cha juu kisiachwe kikauke. Tone likiangukia rangi ya gari lioshwe kwa maji papo hapo, maana mafuta haya hula rangi. Mama, kazi hii ya kukanyaga pedali ningependa uifanye wewe. Utakuwa umejua kwa mguu wako mwenyewe jinsi pedali iliyo nzima inavyopaswa kuwa, na Jumatatu utaweza kupima kama imebadilika.

Pedi za breki ziwe na unene wa zaidi ya nusu siku ya kwenda. Ziko pedi za mashindano hasa, lakini hizo zikiwa baridi hazishiki vizuri, nazo hupiga kelele za kuudhi. Hazifai gari linalopeleka watoto shule. Chagua pedi nzuri za barabarani zilizokusudiwa kwa mwendo wa kasi, na zizoeshwe kabla: mahali pa wazi na salama, punguza mwendo kutoka kilometa 100 hadi 20 mara nane au kumi mfululizo, bila kusimama kabisa, halafu endesha taratibu kwa muda ili zipoe. Sahani nazo zitazamwe. Unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umechongwa juu ya sahani yenyewe, na ufa unaofika ukingoni maana yake ni sahani mpya.

Baada ya breki ni matairi. Usinunue mapya kwa ajili ya siku moja, ila hakikisha uliyo nayo ni mazima. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, pana tarakimu nne: 2319, kwa mfano, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita mimi silipeleki kiwanjani hata likiwa na meno ya kupendeza, na nchi zetu zimejaa matairi yaliyokwisha kutumika ng'ambo na kuletwa kwetu yakiwa yamepakwa weusi. Kwa Subaru hii liko jambo la ziada. Kwa kuwa magurudumu yote manne yanaendeshwa na injini, kampuni inataka mizunguko ya matairi isitofautiane zaidi ya robo ya inchi. Tairi moja jipya pamoja na matatu yaliyokwisha, na ule mtambo wa katikati unaogawa nguvu mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika, hadi ujichome.

Upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kipimo chako mwenyewe, kwa kadiri ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Tairi likipata moto, hewa iliyomo huvimba. Kila nyuzi tano na nusu huongeza takriban ratili moja kwa inchi ya mraba. Ukitoka kwenye zamu yako utakuta tairi lililoanza na ratili 32 limefika 38 au zaidi, na gari linateleza kana kwamba barabara imemwagiwa sabuni. Punguza kidogo kidogo kila baada ya zamu. Mafundi wa zamani walikuwa na njia nyepesi ambayo bado naipenda: chora mistari ya chaki ukingoni mwa tairi, kutoka kwenye meno kuteremka ubavuni. Ukirudi, tazama chaki imefutika hadi wapi. Ikiwa imefutika ubavuni, tairi linalala na upepo ni mdogo. Ikiwa haikufika hata ukingo wa meno, upepo umezidi. Muhimu kuliko yote ni kuurudisha upepo ule kabla ya safari ya nyumbani.

Injini ya gari hili imelala ubavu, mitungi miwili kulia na miwili kushoto. Ni injini nzuri, lakini haisamehe ukosefu wa oili. Katika kona ndefu oili husogea upande mmoja, na ikiwa ni pungufu, mdomo wa pampu hufyonza hewa. Beringi za injini hazina subira na hewa. Kwa hiyo oili ibadilishwe pamoja na chujio lake, ijazwe hadi alama ya juu ya kijiti, isipite hapo, na kijiti kichomolewe baada ya kila zamu, gari likiwa mahali tambarare. Kubeba lita mbili za akiba si woga. Mkanda wa ndani wa injini nao uulizwe umri wake. Ukikatika, vali na pistoni hukutana, na hapo hakuna fundi wa kukufariji. Kwa magari yaliyotoka Japani muda wake ni kilometa laki moja, lakini wengi wetu tunanunua gari ambalo hatujui kipimo chake cha maili kiliwahi kurudishwa nyuma mara ngapi. Kama hujui, badilisha, uandike tarehe.

Petroli ina neno lake. WRX zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, yenye oktani ya karibu 100. Ukiipa injini yenye tabo petroli hafifu na kuikanyaga kwa nguvu muda mrefu, mchanganyiko hulipuka ndani kabla ya wakati wake, nawe husikia mlio kama kokoto katika bati. Huo ni mlio wa pistoni kuharibika. Weka petroli ya daraja la juu kabisa inayopatikana, na ukiusikia mlio huo ondoa mguu, ukaegeshe. Tangi lisishuke chini ya theluthi, maana katika kona petroli nayo hukimbilia upande mmoja; na uwe tayari kwa matumizi ya mara mbili au tatu ya yale ya barabarani.

Rejeta sitaisemea mengi. Maji matupu ya bombani yaondolewe, uwekwe mchanganyiko unaostahili, mipira yake ibonyezwe kutafuta iliyolegea au kuvimba, kifuniko chake kiwe kizima. Betri ifungwe isiyumbe. Inua kila gurudumu, ulitikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Likicheza, gari halijawa tayari. Nati za magurudumu zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, kwa spana yenye kipimo cha nguvu kama ilivyo katika kitabu, na zikaguliwe tena baada ya zamu ya kwanza zikishapoa.

Sasa ndani ya gari. Usiku wa kuamkia siku hiyo litoe kila kisichofungwa: jeki, tairi la akiba, mwavuli, vitabu vya watoto, kiti cha mtoto, mazulia ya sakafuni, na hasa chupa za maji. Chupa moja ikibingirika hadi nyuma ya pedali ya breki, maandalizi yote niliyoyataja hayana kazi. Kiti ukiweke hivi: ukiegemea kabisa, mabega yakiwa yamegusa kiti, kifundo cha mkono kiweze kulala juu ya usukani bila kujinyoosha. Mikono ikae kushoto na kulia kwa usawa, si juu. Mkanda wa kawaida wa gari unatosha. Naona vijana wakifunga mikanda minne ya mashindano juu ya kiti cha kawaida. Kwa hakika hiyo ni hatari, kwa sababu bila mkanda wa chini baina ya mapaja, ule wa nyonga hupanda tumboni wakati wa ajali. Vaa nguo za pamba za mikono mirefu, si nailoni. Buti za jeshi ziache nyumbani, soli zake ni nene mno na mguu haupati habari za pedali.

Kofia ngumu inastahili aya yake. Mwaka 1956 dereva mmoja wa Marekani, Pete Snell, alifariki katika mashindano kwa majeraha ya kichwa, kofia yake iliposhindwa kumkinga. Mwaka uliofuata marafiki zake waliunda taasisi kwa jina lake ya kuzijaribu kofia, na hadi leo alama ya Snell hutafutwa ndani ya kofia kabla ya bei yake. Zenye herufi SA ni za magari, na kitambaa chake cha ndani hukinza moto. Zenye herufi M ni za pikipiki. Baadhi ya waandaaji huziruhusu za pikipiki kwa magari ya kawaida, kwa hiyo ndugu zetu askari wa usalama barabarani waulize kabla ya kununua nyingine. Kofia iliyokwisha kugongwa mara moja, hata kama haina alama, imemaliza kazi yake.

Mama, nakuja kwenye fedha, ambazo najua ndizo zilizokuwa nyuma ya barua yako fupi. Hati nyingi za bima ya gari huondoa dhamana katika mashindano na majaribio ya mwendo, na kampuni nyingi huihesabu siku ya kiwanja kuwa mojawapo. Isomeni hati yenu pamoja, kisha mwulizeni wakala kwa maandishi naye ajibu kwa maandishi. Maneno ya mdomo kwenye kaunta hayana thamani. Iwapo jibu ni hapana, basi gari litakapokuwa kiwanjani halina bima, na tena katika viwanja vingi anayevunja uzio huulipia. Wazoefu wa mambo haya husema usipeleke kiwanjani gari ambalo huwezi kulipoteza. Kwa nyumba yenye gari moja kauli hiyo ni ngumu, nami siwezi kuilainisha. Ninachoweza kusema ni kwamba hatari hupungua sana kwa dereva anayekusudia tangu nyumbani kutumia saba ya kumi ya uwezo wake, anayeingia na mwalimu kando yake, na anayekubali kurudi bila hadithi za kujisifu. Kama bwana ameahidi hayo mbele yako, mimi ningemruhusu aende. Kama pedi, mafuta ya breki na matairi hayakupatikana fedha zake mwezi huu, asiende. Siku nyingine itatangazwa.

Hata hivyo faida ipo, na si ya bwana peke yake. Madereva wengi, pamoja na wale wa magari ya serikali, wanaendesha miaka ishirini bila kuikanyaga breki kwa nguvu yote hata mara moja. Siku ya ajali wanaikanyaga nusu, au pedali inapotetemeka chini ya mguu kwa ule mtambo wa kuzuia magurudumu yasigande, wanaogopa na kuiachia. Kumbe mtetemo huo ndio kazi yenyewe. Kiwanjani, mahali papana pasipo na mtembea kwa miguu, mtu huizoea hali hiyo, na atakaporudi barabarani na watoto nyuma, mguu unajua la kufanya.

Siku yenyewe ikifika, usikose mkutano wa asubuhi, na bendera zijifunze kama unavyojifunza ishara za mkono kazini. Ya manjano ni hatari mbele, punguza, usipite mtu. Nyekundu ni kusimamishwa kwa wote, rudi polepole. Ya buluu ni kwamba nyuma yako yuko mwenye kasi zaidi. Nyeusi ukionyeshwa wewe ni wito wa kurudi kujieleza. Mizunguko ya kwanza iwe ya kutazama tu. Breki imalizwe gari likiwa limenyooka, ndipo usukani ugeuzwe. Macho yatangulie mbali, kwenye mahali unapotaka kufika, si kwenye uzio unaouogopa. Ukiona pua ya gari inakataa kugeuka, ambayo ndiyo tabia ya gari hili likiingizwa kwa kasi kupita kiasi, usizidishe usukani: punguza mafuta kwa upole, ulegeze usukani kidogo, ungoje matairi yashike. Kuondoa mguu ghafla katikati ya kona kwaweza kuitupa nyuma ya gari nje. Kama gari lako lina mtambo wa kulizuia lisiserereke, uache ukifanya kazi. Mwenye kasi akija, mpishe. Hakuna aliyepata kushushwa cheo kwa kupisha.

Zamu ya kwanza iwe ya dakika kumi, si ishirini, na mzunguko wa mwisho wa kila zamu uwe wa kupoza: gia ya juu, breki usiiguse kwa kadiri inavyowezekana. Ukiegesha, iache injini izunguke dakika moja au mbili ili tabo ipoe, na breki ya mkono usiivute kamwe sahani zikiwa za moto. Acha gari katika gia na uweke jiwe nyuma ya gurudumu. Pedali ya breki ikianza kuwa laini au kushuka chini kuliko asubuhi, siku imekwisha kwako, hata kama ada uliyolipa ina zamu tatu zilizobaki. Hali kadhalika ukichoka. Joto la mchana ndani ya gari lenye madirisha wazi na kofia kichwani hukausha mwili. Kunywa maji kila zamu, na mama asisahau kumfungia chakula, maana mwenye njaa huendesha kwa hasira.

Jumapili, gari likiwa baridi, vueni magurudumu ya mbele mpime unene wa pedi kwa rula. Zikibaki chini ya milimita tatu, zibadilishwe siku hiyohiyo. Kagueni oili, upepo, na nati zote. Kiti cha mtoto kirudishwe na kufungwa sawasawa. Kisha mama akae kwenye usukani, akanyage pedali mara tatu na kuishikilia. Ikisimama mahali palepale ilipokuwa siku ya kubadilisha mafuta, watoto watafika shuleni. Ikizama, itolewe hewa tena kabla gari halijatoka kambini, na asubuhi ile bwana awasindikize kwa miguu.

Juma lijalo nitawajibu wale walioniuliza kuhusu betri zinazokufa msimu wa mvua.